Madam, Hii Tuiweke Wapi?

Kishikwambi changu kilinifikia kikiwa kimeshapiga hodi kwenye nyumba za watu. Kilitumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ile iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, kisha vifaa vile vikagawiwa walimu. Siku nilipokisaini, huku milimani Lushoto, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Nilikifunga ndani ya kanga kisilowane, nikaenda nacho nyumbani nimekikumbatia.

Nafundisha Biolojia. Wakati ule nilikuwa na miaka 9 kazini, na mali yangu yote ya ufundishaji ilikuwa kwenye madaftari 11, boksi la fotokopi chini ya kitanda, na makundi matatu ya WhatsApp ya walimu wa somo. Mwalimu yeyote anayajua makundi hayo. Humiminwa kila kitu humo: maazimio ya kazi, maandalio ya somo, mitihani ya mock ya mikoa mingine, notisi za kila mada. Vyote vinakuja na majina kama DOC-20230214-WA0017, na ukishapakua ishirini hujui tena lipi ni la meno na lipi ni la figo.

Nikajiambia kwamba sasa nimepata chombo, nitapanga. Lakini sikuanza kwa kupanga. Nilianza kwa kukusanya, na nilikusanya kwa miezi minne.

Raha ya miezi ile siikani. Mtandao kwetu unashika vizuri usiku, tena ukisimama karibu na barabara, kwa hiyo nilikuwa nanunua bando la usiku, navaa koti, natoka kibarazani. Nilipakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Nilipakua video za Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure. Nilikutana na PhET, majaribio ya kwenye skrini yanayotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado, kazi iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Liko jaribio moja la msambao wa chembe: boksi limegawanywa na ukuta, upande huu chembe za rangi moja, upande ule za rangi nyingine. Unauondoa ukuta, chembe zinaanza kupishana mpaka zimechanganyika kote, na bado hazitulii. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka 9 kwa mchoro mmoja wenye mishale, na wanafunzi wangu wote walikuwa wakiamini kwamba chembe zikishasambaa sawasawa husimama. Hata mimi sikuwahi kuwasahihisha, kwa sababu mishale ya ubaoni husimama. Usiku ule nilikaa nikiangalia boksi lile mpaka mguu ukafa ganzi.

Majaribio yale, uzuri wake mwingine, ukishayapakua yanafanya kazi bila mtandao. Nitalirudia jambo hili, maana kwetu ndilo linaloamua kipi kinaingia darasani na kipi kinabaki hadithi.

Siku moja tukiwa kwenye mada ya moyo, Kidato cha Pili, kijana wa dirishani akauliza kwa nini ukuta wa upande wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia. Swali zuri. Na nilijua ninayo picha, picha nzuri sana ya moyo wa ng'ombe uliopasuliwa katikati. Nikaanza kuitafuta. Wanafunzi 52 wakanisubiri huku nikitelezesha kidole. Folda ya Downloads, folda ya WhatsApp, folda niliyoiita Biolojia, nyingine Biolojia mpya, nyingine Biolojia muhimu. Zikapita kama dakika kumi. Mwisho nikakiweka kishikwambi mezani, nikachukua chaki, nikachora: upande wa kulia unasukuma damu kwenye mapafu tu, hapo jirani, wa kushoto unaisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Wakaelewa. Jioni nikahesabu mafaili niliyokuwa nayo. Yalikuwa 1,347.

Nilipokuwa nasoma sekondari Tanga mjini nilikuwa naenda maktaba ya mkoa, na mkutubi mmoja alinionyesha namba zilizobandikwa mgongoni mwa vitabu. Alisema ukizijua namba hizi huhitaji kumuuliza mtu. Ni mpangilio wa Melvil Dewey, Mmarekani, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876: elimu yote imegawanywa kwenye mafungu kumi, sayansi ziko 500, ndani yake 570 biolojia, 580 mimea, 590 wanyama. Namba zile zilinirudia jioni ile. Dewey hakuwa na vitabu vichache kuliko mafaili yangu. Alichokuwa nacho ni uamuzi: kila kitabu kina mahali pake kabla hakijaingia mlangoni.

Nikafungua lahajedwali kwenye Google Sheets. Kila faili mstari mmoja: mada, kidato, aina yake, limetoka wapi. Majina nikayabadilisha yote, K2-moyo-picha-ng'ombe, K3-figo-video, ili hata bila lahajedwali jina lenyewe liseme. Kazi hiyo ilinichukua likizo nzima ya Juni. Baadaye niliongeza safu moja ambayo sikuiona kwa mtu yeyote, nikaiita "Nimelitumia lini, na ilikuwaje". Ukitaka kujua ukweli wa maktaba yako, weka safu hiyo. Katika mafaili 1,347, niliyokuwa nimeyatumia darasani yalikuwa 61 tu. Nilifuta karibu 900 kwa siku mbili, na sijawahi kulikumbuka hata moja.

Kutoka hapo nikapanda ngazi nyingine. Nilitengeneza ukurasa wa mtandaoni wa mada zote za Kidato cha Pili, kila mada na mlango wake: notisi fupi, mchoro, video, maswali. Ulikuwa ukurasa mzuri. Wenzangu wa shule nyingine waliuomba, na nikawapa. Huduma niliyoutengenezea ilikuwa ya bure, ya kampuni moja ya nje. Mwezi wa nne wakatuma barua pepe kwamba huduma ya bure inafungwa na kila mtu ahamishe kazi zake kabla ya tarehe fulani. Barua pepe hiyo niliiona tarehe ilipokwisha kupita kwa wiki mbili. Nilifungua ukurasa wangu nikakuta tangazo.

Nililia. Nasema hivyo kwa sababu wapo walimu wengi wanaoanza sasa, na ningependa walie kidogo kuliko mimi. Vyombo vya mtandaoni hufungwa, hata vya wakubwa. Google Reader, ambayo watu walikuwa wakiipangia usomaji wao wa kila siku, ilizimwa Julai 2013. Wikispaces, ambayo walimu wa nchi nyingi waliitumia kuandika na madarasa yao, iliwafungia mwaka 2018. Kwa hiyo sasa sitengenezi kitu mtandaoni ambacho sina nakala yake kwenye flashi, tena kwa namna inayofunguka popote: maandishi ya kawaida, picha, lahajedwali iliyohifadhiwa kama faili. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi nanakili. Flashi ziko mbili, moja nyumbani, moja kwenye kabati la mwalimu wa taaluma.

Ukurasa ule ulipopotea, nilitarajia wanafunzi waliokuwa wakiutumia waulize. Nilikuwa nauchapisha na kuubandika ukutani, wanakili. Hakuna aliyeuliza. Mitihani ya ndani ilikuja, majibu yao yakawa yaleyale ya wenzao wa mwaka wa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nimebadilika. Nilikuwa naweza kukwambia bila kitabu mada ipi inashikana na ipi, kwa nini msambao lazima utangulie mapafu, kwa nini mapafu na utumbo mwembamba ni ndugu: vyote viwili vinahitaji eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo. Hayo niliyajua kwa sababu niliyapanga. Nilikuwa nikikata, nikihamisha, nikijiuliza hiki kikae wapi. Wanafunzi wangu nilikuwa nawatafunia, na ladha ikabaki kinywani mwangu.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Nikaamua kwamba mpangilio nitawaachia wao.

Nilianza na uainishaji wa viumbe, mada inayokaririwa kuliko zote. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: wanafunzi wanaziimba kama wimbo wa mchakamchaka na hawajui ni za nini. Nami naishi mahali ambapo mada hiyo imeota milangoni. Mimi ni Mbondei wa Muheza, nimezaliwa chini ya milima ya Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi yao ya biolojia na kilimo mwaka 1902. Huku Lushoto, ng'ambo ya pili ya Usambara, miti imebeba jina la milima hii hadi kwenye vitabu vya dunia. Mkulo ni Ocotea usambarensis. Ua la urujuani linalopambia madirisha ya Ulaya na Marekani lilitoka huku huku: Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Wanafunzi wangu walikuwa hawajui hata moja kati ya haya. Walikuwa wanajua kwamba mimea ni himaya.

Simu haziruhusiwi shuleni, na ni sawa. Tulikuwa na kishikwambi kimoja na wanafunzi 52. Kwa hiyo chombo cha kwanza kilikuwa kadi. Nilikata maboksi ya chaki na makasha ya karatasi za fotokopi, nikapata kadi 156 za ukubwa wa kiganja. Kazi yao: kila mmoja alete mimea mitatu kutoka njia yake ya kuja shule, si kwa kuing'oa, bali jani moja au mchoro, na jina lake kwa Kisambaa kutoka kwa mtu mzima nyumbani. Nyuma ya kadi aandike unaota wapi, unatumika kwa nini, na swali moja alilonalo yeye.

Siku kadi zilipokuja darasa lilinuka majani na moshi. Nikawagawa makundi manane, kila kundi kadi kama ishirini, nikasema neno moja tu: zipangeni. Wakauliza, Madam, kwa utaratibu gani? Nikasema huo ndio ninaoungojea kutoka kwenu.

Kimya chao kilinitisha kidogo. Halafu wakaanza. Kundi moja lilipanga kwa matumizi: dawa, kuni, chakula, uzio. Jingine kwa mahali: bondeni kwenye maji, kwenye ngazi za mashamba, juu msituni. Jingine kwa majani, yenye mishipa inayokwenda sambamba na yenye mishipa ya wavu, na wala sikuwa nimewafundisha bado kwamba hiyo ni njia ya kuitenga mimea ya ghala moja na ya ghala mbili, yaani monokoti na dikoti. Kundi la mwisho lilipanga kwa mwenye mmea: wa kwetu, wa jirani, wa serikali, wa Mungu. Sikulicheka kundi hilo na sikuliruhusu lichekwe. Mtoto aliyekulia kando ya msitu wa hifadhi anajua mgawanyo huo kabla ya mwingine wowote.

Ndipo migomba ikaleta ugomvi. Waliopanga kwa umbo waliuweka mgomba kwenye miti. Binti mmoja mdogo wa umbo, ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono, akasimama akasema mgomba si mti. Kwa nini? Kwa sababu ukiukata kwa panga hakuna ubao ndani, ni majani yamefungana, na baba yake hawezi kupata hata kuni moja kwenye shamba zima la migomba. Wakabishana dakika ishirini. Vitabu viko upande wake: mgomba ni mmea laini usio na ubao, mkubwa tu, na kile tunachokiita shina ni sehemu za chini za majani zilizoviringana. Lakini nilijizuia nisikifungue kitabu mpaka wamalize. Alinijia mwisho akiwa na kadi yake mkononi, macho yamemtoka. "Madam, hii sasa tuiweke wapi?"

Miaka 9 sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nimeulizwa mara elfu "jibu ni lipi". Anayeuliza kiwekwe wapi ameshakitazama kitu pande zote.

Kishikwambi kiliingia hapo, kikiwa na kazi inayoeleweka. Kwa kipindi kizima cha wiki mbili, wawili wawili waliingiza kadi zao kwenye lahajedwali moja: jina la Kisambaa, la Kiswahili, la kisayansi kama tunalijua, mahali, matumizi, aina ya jani. Zilipokwisha nikakiegemeza kishikwambi kwenye vitabu, wakazunguka, nikabonyeza upangwe kwa matumizi. Mistari ikahama. Nikabonyeza kwa mahali. Ikahama tena. Nikabonyeza kwa jani. Yule wa dirishani, aliyeuliza habari za moyo, akapiga kelele kwamba makundi yote yalikuwa sahihi. Meza ilikuwa imewalazimisha wachague mpangilio mmoja, kwa sababu kadi ni moja na haiwezi kukaa mahali pawili. Lahajedwali haikulazimisha. Lakini naamini kwa moyo wote kwamba bila ule ugomvi wa mezani wangeona mistari inayoruka tu. Nimejaribu mwaka uliofuata na darasa jingine kuanza na lahajedwali moja kwa moja ili niokoe muda, na sikuona hata mmoja aliyeshangaa.

Kwa majina ya kisayansi tulitumia iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili huko Berkeley, Marekani. Unapakia picha na mahali, watu wanaojua wanapendekeza jina, na zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana picha hiyo inapanda daraja la kutumika kwenye utafiti. Akaunti ni yangu, watoto hawamo kwa majina wala kwa sura. Picha zetu za kwanza zilikuwa mbaya: jani moja, limepigwa kwa mbali, nyuma yake kuna viatu. Mashine ikatupendekezea mmea wa bara jingine, na tukaufurahia siku nzima. Bibi wa mwanafunzi mmoja alipoonyeshwa akasema hapana, huo hauna maziwa, na huu ukiuvunja unatoa maziwa. Tukapiga picha upya, ua, jani juu na chini, na shina lililovunjwa. Jina lililokuja safari hiyo lilikuwa la familia nyingine kabisa, na bibi alikuwa sahihi kuhusu maziwa. Tangu hapo fomu yetu ya kadi ina mstari wa ziada: ukiuvunja, unatoa nini?

Kwa urujuani wa Usambara tulipata somo ambalo sikulipanga. Tulitafuta Saintpaulia, mtandao ukatujibu Streptocarpus. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikasoma, nikakuta kwamba mwaka 2015 wataalamu waliuunganisha ule ukoo, yaani jenasi, na ukoo mwingine mkubwa kwa sababu ya ushahidi wa vinasaba, na jina la zamani likashushwa. Vitabu vya kabatini vinasema Saintpaulia, mtandao unasema Streptocarpus. Binti wa mgomba akauliza nani aliyewaruhusu kubadilisha. Nikamwambia hakuna aliyeruhusu, walibishana kama ninyi mlivyobishana, wakaleta ushahidi. Akanyamaza kidogo akasema kumbe nao wana kadi. Kisha tukaona kwamba mmoja katika ukoo huo unaitwa shumensis, kwa sababu ulipatikana Shume, huku huku Lushoto. Darasani mle walikuwamo watoto wanne wa Shume. Sitaweza kuzieleza sura zao.

Nalisema na hili kwa walimu wenzangu wa milimani: picha ya ua adimu msiitangaze pamoja na mahali penyewe. iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, lakini kundi la WhatsApp halifichi kitu. Mimea ya namna hii ina wateja.

Kwa kusoma bila mtandao tunatumia Kiwix, programu iliyoanzishwa mwaka 2007 inayokuwezesha kubeba Wikipedia ndani ya flashi. Ya Kiswahili imeingia bila taabu. Ya Kiingereza yote na picha zake ni takriban gigabaiti 100, kwa hiyo nimechukua isiyo na picha, na niliipakulia Tanga kwa rafiki yangu usiku mmoja. Wanafunzi wangu hufika Kidato cha Kwanza wakiwa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha ghafla kila kitu ni Kiingereza. Kuwa na makala mbili za mada moja, wakasoma ya Kiswahili kwanza wakajua usanisinuru ni jambo gani, halafu wakaenda kulikuta jina lake la Kiingereza, kumewasaidia kuliko notisi zangu zote. Makala nyingi za Kiswahili za biolojia ni fupi mno, na hilo linaniuma. Nimeanza kuandika. Hadi sasa nimeongeza kwenye sita, na mbili kati yake aya zake za kwanza zilitoka kwenye kadi.

Kuhusu kukumbuka nitasema kwa ufupi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, jinsi kile tulichojifunza kinavyotutoka haraka siku za mwanzo tusipokirudia. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza boksi la kadi lenye vyumba: ukijibu sawa kadi inasogea chumba cha mbele, inarudiwa baada ya muda mrefu zaidi, ukikosea inarudi mwanzo. Programu ya Anki, iliyotoka 2006, inafanya kazi kwa wazo la jamaa hiyo. Nilipakua kadi za Anki zilizotengenezwa na watu wengine, za biolojia nzima, maelfu. Niliwaonyesha Kidato cha Nne, wakachoka siku ya pili. Sasa tuna boksi la viatu lenye vyumba vitano vya kadibodi, na sheria yake ni moja: hakuna kadi inayoingia ambayo hukuiandika wewe. Wanagombea zamu ya kulifungua asubuhi.

Gharama yake ni muda. Mada ya wiki tatu ilitumia wiki tano, na mwalimu wa taaluma aliniita, kwa haki kabisa, akaniuliza kuhusu muhtasari. Nilimwonyesha azimio langu jipya: nilikuwa nimebana mada tatu nyingine ambazo watoto wanaweza kuzisoma wenyewe. Hakuridhika siku hiyo. Alikuja darasani wiki iliyofuata, akasimama nyuma, akakaa kipindi chote. Hatujalimaliza bado jambo hili mimi na yeye, kwa sababu mtihani wa taifa hauulizi kiwekwe wapi, nami silali usingizi mzuri Oktoba ikikaribia. Najua tu kwamba sitarudi kwenye ukurasa mzuri wa kunakili.

Mwezi uliopita yule bibi wa maziwa alikuja kwenye kikao cha wazazi. Kikao kilipokwisha, mjukuu wake akamshika mkono akamleta ofisini kuona boksi la mimea. Nikamwamkia, akaitika, akakaa. Hajui kusoma, kwa hiyo mjukuu alikuwa akitoa kadi moja moja na kumsomea. Kibondei na Kisambaa ni ndugu, nilikuwa nafuata zaidi ya nusu ya maneno yao. Kadi ya 40 na kitu bibi akasema jina hilo ni la Mlalo, sisi huku tunauita vingine, na mizizi yake haichemshwi, inalowekwa. Mjukuu akageuza kadi, akakuta imejaa pande zote mbili. Akanitazama. Nikampa kipande cha boksi la chaki na gundi, akakibandika chini ya kile cha kwanza, akaanza kuandika polepole huku bibi akirudia, na nje gari la wazazi wa Mlalo lilikuwa linapiga honi kuita watu.